Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?

Mtu aliyekatwa mguu huulizwa swali lile lile kila aendako: "Pole sana, ulipata ajali?" Baba mkubwa alilichoka hadi akawa anajibu tu, "Ndiyo, ajali," ili apite zake. Ukweli ni kwamba hakugongwa na chochote. Alikuwa na sukari, akavaa viatu vipya siku ya harusi ya bintiye, vikamchubua wala asisikie, maana vidole vilishakufa ganzi. Kidonda kilipogunduliwa, soksi ilikuwa imegandamana nacho. Miezi miwili baadaye mguu ukakatwa chini ya goti.

Nilimsindikiza Moshi mara nyingi, kwenye karakana ya viungo bandia pale hospitali ya KCMC. Pana chuo hapo, TATCOT, kinachofundisha mafundi wa kazi hiyo tangu 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Mimi nilipita lango lile miaka na miaka bila kujua.

Benchi la kusubiri la pale ndilo limenifanya niandike. Nilidhani nitakuta watu wa namna moja, "walemavu wa miguu," kama tunavyowajumlisha kwenye hotuba. Nilikuta watu ambao, kama si mguu, wasingeketi benchi moja hata siku moja.

Kijana wa bodaboda alikuwepo, bila shaka. Pikipiki ikigongwa ubavuni, mguu ndio bampa. Na muundi hauna nyama mbele, ni ngozi na mfupa tu; ukivunjika hutoka nje, udongo wa barabarani ukaingia, na kuanzia hapo ni mbio kati ya usaha na chumba cha upasuaji. Yeye mbio hizo alishindwa. Kando yake mfugaji kutoka Longido, aliyeumwa na kifutu. Sumu ya nyoka huyo huozesha nyama, na wenzake kwa nia njema kabisa walimkaza kamba juu ya jeraha hadi damu ikakoma kwenda chini. Mama mmoja wa Rombo alikaa miaka 15 na kidonda kisichopona, akikipaka hiki na kile, mpaka kikageuka saratani. Mtoto wa miaka 9 alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika kawaida tu. Aliyemfunga vijiti alivikaza mno, mguu ukawa mweusi. Donda ndugu.

Tusimcheke aliyempeleka mtoto kwa muunga mifupa. Muunga mifupa yuko kijijini, anakubali kuku, na hamwambii mtu arudi Jumatatu. Hospitali ni nauli ya watu wawili na siku mbili bila kibarua. Ukiwasikiliza watu wa benchi lile, nyuma ya nyoka, nyuma ya sukari, nyuma ya mwembe, kuna siku ambazo mtu alikuwa anatafuta nauli.

Hata hilo swali la ajali si la kijinga, ila ni nusu ya habari. Marekani, kwa makadirio ya mwaka 2005, watu wapatao milioni 1.6 walikuwa wakiishi bila kiungo fulani, na zaidi ya nusu yao walikipoteza kwa magonjwa ya mishipa ya damu, wengi wakiwa na kisukari. Huku kwetu tunaogopa magari, tunausahau mguu usiosikia. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku, wakaamka asubuhi ndipo wakaona damu. Baba mkubwa nilipomsimulia alicheka, kisha usiku ule akaomba atafutiwe paka. Mguu uliobaki ni mmoja, na sukari haijaondoka.

Ninachokiamini mimi ni hiki: tunauliza sana mguu ulikwendaje, hatuulizi mwenye mguu alikuwa anaishi vipi. Mama wa Rombo analima kihamba, shamba la nyumbani, chenye mteremko. Nyayo ya bandia ya kawaida haikunji kifundo, na tope la masika halina huruma. Tena yeye amekatwa juu ya goti, kila hatua inamla nguvu nyingi zaidi. Ukimpa mguu wa kutembelea sakafuni, ataupachika ukutani. Mtoto anarefuka, kwa hiyo mguu wa mwaka huu mwakani ni mfupi. Hata mkopo, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, una maana tofauti kwa kijana aliyezoea kushika hesabu ya siku kijiweni na kwa mfugaji ambaye utajiri wake una kwato.

Wahindi waliliona hilo zamani. Mguu wa Jaipur, uliobuniwa mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na daktari P. K. Sethi, ulizaliwa kwa sababu miguu iliyoletwa kutoka Ulaya ilitaka kiatu na kiti. Wagonjwa wao walikuwa wanachuchumaa, wanaketi chini, wanaingia shambani peku. Wakatengeneza nyayo ya mpira inayopinda, unaweza kuipeleka kwenye maji. Walianza na maisha ya mtu, mguu ukafuata.

Siku ya kupimwa, baba mkubwa alikalishwa kwenye kiti, kigutu kikafungwa bandeji za plasta. Aliyempima alikuwa binti mdogo, nadhani mwanafunzi. Alimwamkia, akanawa mikono, halafu akauliza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekiuliza kwa mwaka mzima.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani, mwanangu. Miaka 31."

"Cherehani ya mkono au ya miguu?"

"Ya miguu."

"Hebu nioneshe unavyokanyaga."

Baba mkubwa akanitazama kama anayeomba ruhusa. Kisha akajiweka sawa kitini, akainua mikono kana kwamba anasukuma kitambaa, na akaanza kukanyaga. Kisigino cha kulia kilipanda na kushuka kwenye sakafu. Kushoto, plasta ikiwa bado mbichi, kigutu nacho kilipanda na kushuka hewani, kwa mwendo ule ule.