Unga wa pizza uachwe ulale

Wiki hii kwenye makundi ya WhatsApp inazunguka video ya pizza ya dakika 20, na imeniudhi kweli. Nusu kilo ya unga, vijiko viwili vya mezani vya hamira, sukari, maziwa ya moto, kisha donge linasukumwa papo hapo na kutiwa kwenye oveni. Watu wanapika, wanakula kitu kizito kinachonuka hamira, halafu wanaamini pizza nzuri ni ya hotelini, sisi hatuiwezi. Tunaiweza sana.

Pizza ni mkate. Mkate ukiwa mbaya, jibini haliuokoi. Na mkate huo unataka vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Naples, Italia, ambako ufundi wa wapishi wa pizza uliingia kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2017, unga wao wa asili hautiwi sukari wala maziwa, na huachwa uumuke kwa saa nyingi. Saa hizo ndizo zinazopika ladha. Vimeng'enya vya ngano vinavunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoupa ukingo rangi ya kahawia motoni. Donge nalo linajijengea uwezo wa kuvutika lenyewe likiwa limetulia, hata kama hukulikanda mpaka mikono ikauma. Ukijaza hamira, unga unafura upesi kabla hayo yote hayajatokea.

Tena sisi tuna joto! Mapishi mengi tunayoyanakili yameandikwa na watu ambao jikoni kwao joto ni nyuzi 20. Dar mwezi wa pili ni zaidi ya 30, na hamira kwenye joto hukimbia. Kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kuipunguza, na badala yake tunaiongeza. Kwa nusu kilo ya unga, robo kijiko cha chai cha hamira ya chengachenga inatosha, chumvi gramu 10, maji baridi mililita 325. Unga utanata mikononi. Usiuongezee unga mwingine. Ufunike, baada ya saa moja uutie kwenye friji mpaka kesho jioni. Huna friji? Kanda saa tano usiku, asubuhi umeshaumuka. Bibi zetu wa Pwani walikanda mahamri usiku kwa ajili ya chai ya asubuhi, na hakuna aliyewaambia ni kazi ya hotelini.

Usiusukume kwa kifimbo cha chapati. Utandaze kwa vidole kuanzia katikati, ukingo uuache na hewa yake.

Nakubali, mama aliyetoka kazini saa moja usiku na watoto wana njaa hana muda wa kungoja kesho. Simlaumu. Apike chapati, au hiyo ya haraka akipenda, lakini asidanganywe kwamba ladha ni ileile.

Kuhusu oveni: ya Naples hupita nyuzi 400 na pizza hutoka ndani ya dakika moja na nusu. Ya nyumbani huishia 250, basi geuza trei chini juu, iache ipate moto nusu saa, upikie juu yake. Wenye jiko la mkaa wapalie makaa juu ya mfuniko kama tunavyofanya kwa mkate wa kumimina. Tomato ya chupa iacheni kwa chipsi. Nyanya mbivu zilizopondwa na chumvi zinatosha, hazihitaji hata kupikwa kwanza.

Jibini ni ghali, hilo ni kweli na linauma. Lakini mozzarella, jibini la pizza, inatengenezwa hapahapa Njombe, na unga uliolala usiku kucha unahitaji jibini kidogo sana, kwa sababu mkate wenyewe una ladha ya kutosha kuliwa mpaka ukingo.