Robo Tatu ya Muda: Daktari Bingwa Kijana Kati ya Wodi na Ruzuku ya Utafiti

Katika masharti ya ruzuku ya utafiti iitwayo K43 kuna kipengele ambacho wahadhiri vijana wa vyuo vyetu vya tiba hukipita haraka, macho yakikimbilia bajeti. Kinasema anayepewa fedha atumie angalau miezi 9 kati ya 12 ya kila mwaka, yaani asilimia 75 ya muda wake wa kazi, kwenye utafiti na mafunzo ya utafiti. Robo inayobaki ndiyo ya wagonjwa, wanafunzi, vikao na zamu za usiku.

K43 ni ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH kwa kifupi, na inaratibiwa na Kituo cha Fogarty kilichoanzishwa mwaka 1968. Imekusudiwa watafiti wanaochipukia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Fedha huja moja kwa moja kwenye chuo cha mwombaji, mtafiti mkuu ni yeye mwenyewe, na hutakiwa awe na walezi wa kitaaluma, angalau mmoja wa Marekani na mmoja wa nchi za huku kwetu. Kwa mhadhiri wa Muhimbili, KCMC au Bugando, vyuo vya tiba vyenye hospitali kubwa, aliyemaliza MMed, yaani shahada ya uzamili ya ubingwa, miaka michache iliyopita, ruzuku za namna hii ni chache mno. Nyingi humtaka aingie kama msaidizi katika mradi wa mwingine.

Je, bingwa wa fani yenye watu wa kuhesabika aombe fedha zitakazomtoa wodini kwa robo tatu ya muda wake?

Naanza na wanaosema hapana, kwa sababu hoja yao ni nzito na mara nyingi hudharauliwa na sisi tunaopenda utafiti. Tume ya jarida la tiba la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza mwaka 2015 kwamba kila nchi ifikishe angalau wataalamu bingwa 20 wa upasuaji, dawa za usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Tanzania iko mbali sana na kiwango hicho. Chukua idara ya usingizi yenye mabingwa watatu. Akitoka mmoja kwa robo tatu ya muda, orodha ya upasuaji inafupishwa wiki hiyo hiyo. Anayeahirishwa ni mama aliyetoka Kibondo kwa nauli ya kukopa, ambaye hajui ruzuku ni kitu gani na hakuulizwa. Wanafunzi wa MMed nao wanabaki na mwalimu mmoja pungufu kwenye raundi, wakati hao ndio tunaowategemea waje kuziba pengo.

Wanaosema hapana wana hoja ya pili, inayoniuma zaidi kwa sababu ni ya kweli: pengo la bingwa halizibwi kwa fedha tu. Bajeti ya ruzuku inaweza kubeba sehemu ya mshahara wa mtafiti, na kwa hesabu za karatasini kiasi kilichookolewa kingemwajiri mbadala. Lakini ajira katika utumishi wa umma inahitaji kibali, na kibali kina kalenda yake. Hata kikipatikana, bingwa wa usingizi au wa upasuaji wa watoto haokotwi mtaani.

Sasa upande wa pili. Bila muda uliolindwa, utafiti wa fani za ubingwa unafanyika saa nne usiku baada ya zamu, na matokeo yake tunayaona. Makabati yetu yamejaa tasnifu za MMed zinazohesabu ukubwa wa tatizo na visababishi vyake katika hospitali moja kwa miezi sita, kwa kupekua mafaili ya wagonjwa. Siwalaumu walioziandika, muda waliopewa uliruhusu hicho tu. Utafiti unaobadilisha tiba unahitaji kuwafuata wagonjwa kwa miaka, na kumfuata mgonjwa kwa miaka ni kazi ya mchana.

Mfano ulio karibu ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, ila kwa miongo mingi haukuwa kwenye orodha ya wafadhili wakubwa, waliojikita katika malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu Muhimbili na kuwafuatilia, kwa msaada wa Wellcome Trust ya Uingereza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalihusu wagonjwa 1,725 waliofuatiliwa hadi 2009, na yalionyesha kuwa vifo vilikuwa vingi zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Takwimu hiyo inamwambia daktari wa zahanati, mkunga na waziri kitu kimoja: mtoto huyu atambuliwe mapema, tangu kuzaliwa. Haikuwezekana kuipata kwa kupekua mafaili, kwa sababu mtoto anayefia nyumbani hana faili la kupekuliwa.

Swali lile lilitoka kliniki. Fedha zilitoka nje, lakini aliyeuliza alikuwa daktari aliyewaona watoto hao kwa macho yake. Wanaosema ruzuku za nje zinatuletea ajenda za nje wako sahihi mara nyingi. Hapa hawakuwa sahihi, na ni kwa sababu mwenye swali ndiye aliyeshika kalamu.

Hata hivyo mfano huo haumalizi ubishi, kwa kuwa upo mwingine unaovuta kinyume. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, akifanya kazi ya kila siku ya hospitali. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Ili kujua ugonjwa unapatikana wapi, alipewa fedha kidogo za kuchapisha na kutuma madodoso yenye picha kwa hospitali za Afrika, kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari takribani maili 10,000 wakipita hospitali baada ya hospitali hadi kusini mwa bara. Ramani iliyotokea ilionyesha uhusiano na joto na mvua. Mwaka huo huo mtafiti Anthony Epstein alimsikia akihadhiri London, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona katika seli za uvimbe huo. Burkitt hakuwa kijana wakati ule, na alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni mwenye milango iliyofunguka kwa urahisi kuliko yetu. Lakini wanaosema "bila dola laki kadhaa hakuna utafiti" wana deni la kujibu.

Nikiipima mifano hii miwili naona swali la kwanza la mwombaji ni aina ya swali alilo nalo. Lipo linalojibiwa kwa madodoso na wiki kadhaa za safari, na lipo linalodai miaka mitano ya kuwafuata watu. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni la kuchukua swali la aina ya kwanza na kulivisha vazi la pili kwa sababu wito wa maombi umetoka. Wahakiki hulitambua kwenye ukurasa wa kwanza, ule mmoja wa malengo ambao NIH inautaka. Maombi yao hupewa alama kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Swali lililonyooshwa kwa nguvu haliifikii 1 hata Kiingereza kikiwa kitamu.

Jambo linalozungumzwa kidogo ni la waajiri wawili. Mhadhiri wa tiba kwa kawaida ameajiriwa na chuo, ila wagonjwa anaowatibu ni wa hospitali. Muhimbili penyewe chuo na hospitali ya taifa viko ndani ya uwanja mmoja lakini ni taasisi mbili, kila moja na uongozi wake. Barua ya kuahidi asilimia 75 huwekwa sahihi na chuo, ratiba ya zamu hupangwa na hospitali. Kijana aliyefurahia ruzuku mwezi Januari anakuta jina lake kwenye zamu zilezile mwezi Februari, na mkuu wa kitengo hana habari ya ahadi yoyote. Hapo anayeumia ni yeye: anajaza ripoti kwamba anatumia miezi 9 kwenye utafiti huku anajua si kweli.

Katika hili Wamarekani wenyewe wametuachia mlango. Baadhi ya taasisi zilizo ndani ya NIH huruhusu madaktari wa upasuaji wenye ruzuku za kujenga taaluma ndani ya Marekani wapunguze sharti hadi asilimia 50, kwa kukiri kwamba mkono wa upasuaji ukikaa bila kazi unapoteza ustadi. Kama hoja hiyo ina uzito kwa nchi yenye mabingwa wengi, ina uzito mkubwa zaidi kwetu. Vyuo vyetu viipeleke Fogarty kwa pamoja na kwa maandishi, badala ya kila kijana kubeba mzigo peke yake.

Halafu kuna mwaka 2025. Mei 1 mwaka huo NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku zenye mikataba midogo kwa taasisi za nje ya Marekani mpaka iunde utaratibu mpya. Lililengwa kundi la watafiti ambao kazi yao ilikuwa mstari mmoja katika bajeti ya profesa wa Marekani, na wengi wa vijana wetu walikuwa humo. Wapo waliotoa funzo kwamba tuachane na fedha za nje. Mimi naona tangazo lile lilionyesha zaidi udhaifu wa kuwa msaidizi wa kudumu katika mradi wa mwingine. Fedha za ndani bado ni ndogo: COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya 1986, ina mfuko wa MTUSATE unaogawa ruzuku, na sheria ya Kenya ya 2013 iliutengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hakijakaribiwa. Mwenye swali la miaka mitano atalazimika kubisha hodi nje kwa muda mrefu bado.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba bingwa kijana aombe, hata mwenye fani yenye watu wachache, ila kwa sharti moja zito: makubaliano ya muda yatangulie andiko la maombi. Kabla hajaandika lengo la kwanza, akae na mkuu wa idara na mkurugenzi wa tiba wa hospitali, wataje siku zipi za wiki hayupo, nani anashika kliniki yake, na zamu ngapi anabaki nazo. Wakubaliane kwa barua yenye sahihi za pande zote mbili. Hospitali ikisema haiwezi kumwachia, ina haki, na ni bora iseme hivyo mapema kuliko kumwambia baada ya fedha kuingia. Wakati huohuo ofisi ya utafiti ya chuo ihakikishe usajili katika mifumo ya Marekani uko hai, kwani usajili huo pekee unaweza kula wiki 6 au zaidi, na maombi mazuri yamewahi kukosa dirisha kwa sababu hiyo tu.

Aliyekosa barua asilitupe swali lake. Alikate kipande kinachoingia kwenye ruzuku ndogo ya ndani, apate kibali cha maadili, aanze kuandikisha wagonjwa wa kliniki yake mwenyewe kwenye rejista moja nzuri. Baada ya miaka miwili atakuwa na data za awali, jambo ambalo wahakiki huliuliza kabla ya mengine yote, na mazungumzo na hospitali yataanza upya akiwa na rejista hiyo mkononi.