Mpenzi asiye na kazi ndiye anayechosha

Ndugu mwandishi, unasema mapenzi yanapunguza kasi ya hadithi za katuni za mashujaa. Hapana. Kinachochosha ni mpenzi ambaye kazi yake ni kutekwa tu. Lois Lane, mpenzi wa Superman, yupo tangu 1938, toleo lile lile lililomleta shujaa huyo, na amedumu kwa sababu ni mwandishi wa habari: anachokichimba ndicho kinachomwingiza Clark (ndiye Superman) matatani. Kwa Spider-Man, yaani Peter Parker, mpenzi wake Gwen Stacy aliuawa 1973, Peter akamwoa Mary Jane 1987, halafu 2007 ndoa ikafutwa kwa mapatano na Mephisto, shetani mwenyewe (jamani!). Wasomaji wengi hawajasamehe.

Wachoraji wetu wa Goma mnaoanza bede (hadithi za katuni), kila mmoja wa wapendanao apewe siri inayoweza kugeuza pambano la mwisho. Busu lije siri ikishafichuka. Likitangulia, kurasa zinazobaki hazina cha kusubiriwa.