Ukoo wa watu 24, eti mkubwa mno

Data nimesafisha mwenyewe, majina nimehakiki moja moja, halafu Merlin, programu ya kutafuta jeni la ugonjwa kwa kufuatilia urithi ndani ya ukoo, inanijibu kwa mstari mmoja: ukoo mkubwa mno, umerukwa. Mkubwa! Babu na bibi, watoto sita, wanne kati yao wana wenza, na kila mmoja wa hao wanne ana watoto watatu. Watu 24. Kwetu hao wanaenea kwenye daladala moja, na konda bado anaita abiria.

Hesabu yenyewe naijua, msinifundishe. Waliozaliwa ndani ya ukoo (watoto na wajukuu, 18) mara mbili, toa waasisi (babu, bibi na wenza): 36 toa 6, biti 30, ndicho kipimo cha ukubwa wa kazi. Merlin, usipoigusa mipangilio yake, inakomea 24. Kila mjukuu unayemwongeza anazidisha kazi mara nne. Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba hiyo si roho mbaya ya mtu, ndivyo algorithimu ya Lander na Green ya 1987, ambayo Merlin inaitumia, ilivyo.

Kinachonichemsha ni ushauri unaofuata kila mara: gawa ukoo vipande viwili, uendelee. Jamani, tunajua tunachokikata? Nguvu ya ukoo mkubwa iko kwa ndugu wa mbali. Binamu wawili wagonjwa wakikutwa na kipande kilekile cha kromosomu kutoka kwa babu mmoja, huo ni ushahidi mzito, kwa sababu kila uzazi hapo katikati ungeweza kukipoteza. Watenganishe kwenye mafaili mawili, na programu haijui tena kwamba wana babu mmoja. Kila faili linatoa thamani yake ya LOD (kipimo cha ushahidi wa uhusiano kati ya ugonjwa na kipande hicho), kiduchu. Unajumlisha, hufiki 3, kiwango cha kukubalika, unaandika "hakuna uhusiano". Ulikuwepo! Umeukata mwenyewe.

Mwaka 1983 jeni la ugonjwa wa Huntington lilifuatiliwa hadi kromosomu ya 4 kwa msaada wa ukoo mkubwa wa kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela. Enzi hizo alama za kijeni (sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya watu) zilikuwa za kuhesabika, na mbinu ya zamani ya kuhesabu, ya Elston na Stewart, haiogopi wingi wa ndugu. (Ndoa za binamu ndizo zinazoilemea, lakini hayo tuyaache.) Leo alama hizo ni za kumwaga, ya Lander na Green inazimudu, lakini kwake ndugu ndio wamegeuka mzigo.

Programu nyingine, SimWalk2, ipo, inakadiria badala ya kuhesabu kila kitu. Polepole, ndiyo. Iache ifanye kazi usiku kucha.

Na kama lazima ukate, anza na wasio na sampuli wala wazao, kisha uwataje. Nimechoka kusoma ripoti zinazosema "ukoo ulipunguzwa", basi. Alitolewa nani?