Spika ya senta ya kulala: wa kochi la pembeni analalamika kwa haki

Watu wa homu thieta (sinema ya nyumbani) wamesema miaka mingi kwamba ile spika ya senta, inayotoa maneno ya waigizaji na kulazwa chini ya TV, wufa (koni ya sauti nzito) huku wufa kule na twita (ya sauti nyembamba) katikati, ni muundo wenye kasoro, na wengi wakisikia hivyo wanaona ni maringo tu ya watu wenye hela. Na mimi nilikuwa kwenye hao wengi mpaka siku nilipokaa ugenini kwenye kochi la pembeni, muvi inaendelea, mwenye nyumba yuko katikati kila neno analipata, mimi kila baada ya dakika mbili "eti kasemaje?"

Ila wanaoitetea nao wana hoja. Kwenye majumba ya sinema spika ya senta inasimama nyuma ya skrini yenye vitundu vidogo, TV yetu haina vitundu (Sony mwaka 2017 walitoa A1E ambayo kioo chenyewe ndicho kinatikisika na kutoa sauti, lakini hiyo si TV ya kila mtu). Kwa hiyo nafasi inayobaki ni pale chini, sentimita 15, ukibahatika 20, ukisimamisha spika inaziba picha. Basi wanailaza, na badala ya wufa moja kubwa wanaweka mbili ndogo ili nguvu ipatikane bila boksi kupanda juu. Na kule kuwa chini kwenyewe si tatizo kubwa hivyo, sikio ni zito kutambua juu na chini kuliko kushoto na kulia, macho yakishaona mdomo unacheza ubongo unaihamishia sauti hapohapo. Isogeze mpaka ukingo wa meza, inyanyue mbele kidogo isipige magotini, imeisha hiyo. Ukiwa umekaa katikati, sauti ya wufa zote mbili inakufikia kwa pamoja.

Tabu ni hilo neno "katikati".

Ukisogea pembeni wufa moja inakuwa karibu na wewe kuliko mwenzake, na kuna masafa (kasi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, hupimwa kwa Hz) ambayo wimbi la huyu linafika likipanda wakati la yule linashuka, zinauana. Chukua spika ambayo wufa zake zimeachana sentimita 30, kochi kuu liko mita 3, wewe umekaa mita moja kutoka katikati, shimo, yaani pale sauti inapopotea, linaanguka kwenye Hz 1800 hivi. Hapo ndipo sikio linapotofautisha irabu! Na krosova, kile kinachogawa sauti kati ya wufa na twita, kwenye spika nyingi za aina hii inakata Hz 2000 na kitu mpaka 3000, maana yake wufa zote mbili bado ziko kazini zinauana vizuri tu.

Lakini hiyo ni hesabu ya kochi moja linaloitazama TV, kama zinavyochorwa picha za kwenye vitabu. Sebule zetu makochi yamezunguka ukuta, la watu watatu mbele na mengine huku na huku, na mgeni huwa anakaa wapi? Yule wa kochi la pembeni yuko nyuzi 45 au zaidi. Piga tena hesabu ukiwa nyuzi 45: shimo la kwanza linashuka mpaka Hz 800 hivi, halafu linakuja la pili kwenye 2400. Mashimo mawili, yote ndani ya sauti ya binadamu, na yote anabebeshwa mgeni.

Kinachonichekesha ni kwamba mpangilio huu wa wufa-twita-wufa, mtaalamu wa spika Joseph D'Appolito alipouandikia mwaka 1983, ulikuwa wa kusimama wima, na ukisimama faida yake ni kwamba sauti haitawanyiki sana kwenda sakafuni na kwenye dari. Ukiulaza, kile inachonyimwa dari sasa wananyimwa watu!

Watetezi watasema chumbani mashimo hayo hayawi matupu kabisa, sauti inayodunda ukutani inayajaza. Kweli, inayajaza kiasi, mimi mwenyewe sikukosa kila neno. Ila kwenye sebule ya vigae na kuta tupu kinachojaza ni mwangwi, sauti inakuwepo, maneno yanakuwa na ukungu.

Na wale wanaosema basi toa senta uachie spika mbili za kushoto na kulia, hao kwa mtu wa pembeni ndio wanaharibu zaidi, maana akiwa karibu na spika ya kushoto kwa mita moja sauti yake inamfikia mapema kwa karibu milisekunde 3, na ubongo unafuata iliyotangulia, kwa hiyo waigizaji wote wanahamia kushoto.

Senta ibaki, muundo ndio ubadilike. Zipo za njia tatu, yaani sauti imegawanywa mara tatu, twita imepandishwa juu ya midi ndogo (koni ya sauti za kati) katikati, wufa za pembeni zinaishia kwenye Hz 400 au 500, mawimbi ya hapo ni marefu kwa hiyo hazifikii kuuana vibaya, shida ni kwamba boksi linanenepa na bei inapanda. Zipo ambazo twita imekaa katikati ya koni yenyewe, kama Uni-Q ya KEF iliyoanza 1988. Au simamisha spika moja ndogo ya kawaida ya familia ileile na za kushoto na kulia, TV uipandishe ukutani kidogo na shingo ivumilie.

Kabla hujanunua chochote washa taarifa ya habari, risiva (mashine inayoendesha spika zote) iweke kwenye sarawundi, sauti ya kuzunguka, ili mtangazaji atoke senta, tembea polepole kutoka katikati mpaka kochi la mwisho na umsikilize yeye tu. Mimi nilifanya hivyo kwangu, nikachagua ya kusimama, sema zinauzwa mbilimbili kwa hiyo nyingine iko chumbani mpaka leo haijui kazi yake ni nini.