Hiyo 0.70 mmeitoa wapi?

Fungua tasnifu iliyotumia dodoso la saikolojia, nenda sura ya mbinu za utafiti, na mara nyingi utaikuta sentensi ileile: alfa ya Cronbach imezidi 0.70, kwa hiyo dodoso linaaminika. Basi, yamekwisha. Sentensi hiyo imenichosha.

Alfa, namba ambayo mwanasaikolojia Lee Cronbach aliipa umaarufu mwaka 1951 (mtakwimu Louis Guttman alishaifikia kanuni hiyohiyo mwaka 1945), huangalia jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja. Tena hupanda kwa wingi wa maswali tu. Chukua maswali 5 ambayo uhusiano (korelesheni) baina yao una wastani wa 0.30: alfa ni 0.68, umeanguka. Yafanye 10 ya aina hiyohiyo, unapata 0.81. Yakifika 20, ni 0.90. Ukitaka njia ya mkato zaidi, muulize mtu kama ana huzuni, kama hana furaha, kama moyo wake ni mzito. Swali ni moja, limebadilishiwa nguo mara tatu. Alfa itapaa, na wewe hutakuwa umejua lolote jipya kumhusu. Kama mtu huyo angejibu vilevile baada ya wiki mbili, alfa haikuambii; hapo inabidi umrudie umuulize tena.

Na hiyo 0.70 yenyewe? Hutajwa sana kwa jina la mwanasaikolojia Jum Nunnally, ambaye mwaka 1978 aliiruhusu kwa hatua za mwanzo za utafiti. Kwa maamuzi yanayomgusa mtu mmoja mmoja alitaka angalau 0.90, na ikiwezekana 0.95. Sehemu hiyo wanaomnukuu huiruka.

Tofauti kati ya 0.70 na 0.90 si ndogo. Chukua kipimo cha akili chenye wastani wa 100 na mkengeuko sanifu (jinsi alama za watu zinavyotawanyika) wa 15. Uaminifu, ambao alfa hutumika kuukadiria, ukiwa 0.90, kosa sanifu la kipimo (jinsi alama ya mtu mmoja inavyoweza kuyumba) ni karibu alama 4.7; tukienda karibu mara mbili yake kila upande, aliyepata 100 tunamweka kati ya 91 na 109. Uaminifu ukiwa 0.70, ni kati ya 84 na 116. Kwa upana huo unamwambia mzazi nini kuhusu mtoto wake?

Cronbach mwenyewe, katika makala iliyotoka mwaka 2004 baada ya kifo chake, aliona kwamba kosa sanifu ndilo la kwanza kuripotiwa, mbele ya alfa. Kulipata ni kuzidisha mkengeuko sanifu kwa kipeo cha pili cha moja kutoa uaminifu. Hapana, nimekosea: kwa kipeuo cha pili, yaani mzizi wa mraba. Hata hivyo, ni kazi ya nusu dakika kwenye kikokotoo.