Acheni kumwaga sato kila penye maji

Kila mwaka picha ni ileile: mheshimiwa kasimama ukingoni mwa bwawa, ndoo mkononi, vifaranga vya sato vinamiminika majini, watu wanapiga makofi. Makofi ya nini, kama bwawa lenyewe limo bonde la Rufiji au Wami, ambako sato si mwenyeji?

Sangara wa Ziwa Victoria tumeshamlilia. Alipandikizwa miaka ya 1950, akawafyeka furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa hilo, aina zipatazo 200 zinadhaniwa kutoweka. Na ndiyo, minofu yake imeleta dola. Haya. Lakini sangara hula, sato huoa.

Sato na perege, ndugu yake aliye mwenyeji wa mito hii, wakikutana huzaana, na chotara wao si tasa: huzaa na wa huku, huzaa na wa kule. Vizazi vichache tu, perege halisi hayupo, ilhali wavu unatoka umejaa. Mwanzoni utawatofautisha kwa mkia: sato ana mistari myembamba ya wima mkia mzima, chotara mara nyingi ana mistari iliyokatikakatika. Wakishachanganyika sana jicho halisaidii tena, labda kipimo cha vinasaba, na hakuna wavu wa kumchagua chotara na kumwacha perege.

"Sisi tunafuga madume watupu," utaambiwa. Madume hao hupatikana kwa chakula chenye homoni ya kiume, miligramu 60 kwa kilo, siku 21 hadi 28, kuanzia kifaranga akiwa na sentimita moja hivi. Ukichelewa, au ukichanganya vifaranga wa umri tofauti, majike yanabaki. Na jike huatamia mayai mdomoni: likisombwa na mafuriko, limehama na ukoo mzima.

Mwenye bwawa asichimbe mahali mto unapofika masika. Tuta lizidi usawa wa maji kwa nusu mita, na bomba la kutolea maji liwe na chujio la matundu ya milimita moja. Chujio huziba kwa mwani, basi siku ya kuvuna watu hulichomoa ili maji yaishe upesi, na vifaranga huondoka na maji. Lisugue, usilichomoe.

Perege hukua polepole kuliko sato, nakubali. Lakini sato wa mashambani amechaguliwa wazazi wanaokua haraka, kizazi baada ya kizazi. Perege nani amemchagulia? Perege wa Wami anavumilia maji ya chumvi, na dume lake likipandishwa kwa jike la sato, vifaranga hutoka karibu wote madume, bila homoni. Hiyo ndiyo mbegu tunayoichafua mtoni bure.